Minits za Senge Chelangat

Kila asubuhi saa moja kasorobo, mimi ndiye nilikuwa nafungua ofisi. Napanda ngazi zilizo kando ya duka la agrovet, ngazi zinazonuka dawa ya kupe, nafungua dirisha linalotazama mlima wa Menengai hapa Nakuru, naweka maji ya chai kwenye birika la umeme, halafu nafuta namba ya jana ubaoni na kuandika ya leo. Namba ya watu wanaotumia Kijidaftari, programu yetu ya kuandikia mambo kwenye simu.

Asubuhi hiyo niliandika 41,306. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama namba yenyewe kama mtu anayetazama nguo mpya kwenye kioo. Jana haikuwa imefika elfu arobaini. Nilicheka peke yangu, nikajimiminia chai, nikaketi kujibu ujumbe wa kwanza wa watu wanaoomba msaada. Chai na lalamiko la kwanza, hivyo ndivyo siku zangu zilivyokuwa zikianza kwa miaka miwili.

Sikuimaliza ile chai.

Ujumbe ulisema: "Habari ya kazi. Mimi ni Chelangat, katibu wa familia yetu hapa Rongai. App yenu imekula mstari kwa minits zangu. Na si mstari yoyote, ni ile ya maana. Mzee anataka nimsomee leo jioni. Nimewatumia daftari yote muone. Tafadhali harakisheni."

Nilifungua daftari lake bila wasiwasi. Ndiyo kazi yangu. Mtu akibonyeza pale palipoandikwa "Nisaidie", anaulizwa kama anakubali tuone alichoandika, na huyu alikuwa amekubali. Nikaona kumbukumbu za kikao cha familia cha Jumapili, zimepangwa vizuri: waliohudhuria, waliotuma udhuru, yaliyotokana na kikao kilichopita. Moyo wangu ulifurahi kidogo, kwa sababu mpangilio ule niliubuni mimi. Mwanzoni Kijidaftari kilitengenezewa watu wa maofisi makubwa, wenye miradi na malengo ya mwaka, na kwa miezi minane hakikupata zaidi ya watu mia mbili. Kisha mama yangu, katibu wa kikundi cha akina mama huko Gilgil, akaniuliza, "Na mambo mengineyo naandika wapi?" Siku hiyo nilijikaza, nikamwambia mwenye kampuni kwamba nchi hii imejaa makatibu na hakuna aliyewakumbuka. Alivuta kiti, akasema, "Kaa hapa. Nionyeshe." Tulikaa. Tangu siku hiyo namba haijawahi kurudi nyuma.

Jina la huyo mwenye kampuni ni Kipkirui.

Kwa hivyo nilipoona jina Kipkirui kwenye orodha ya waliohudhuria, nilitabasamu tu. Rongai ina akina Kipkirui wengi kuliko milingoti ya stima. Nikashuka hadi sehemu ya nne, na pale kikombe kikabaki hewani.

"4. Kipkirui na msichana wa ofisi ya Nakuru.

4.1 Mama alisema Kipkirui amefika miaka thelathini na moja, na kazi ya benki aliacha akaenda kutengeneza app.

4.2 Mama alisema Jemutai, yule nesi wa jirani, bado anauliza habari yake.

4.3 Mama alisema msichana wa ofisini ni wa Gilgil, na watu wake hatuwajui.

4.4 Mzee aliuliza Kipkirui, huyo msichana ni mfanyakazi wako ama ni nini.

4.5 Kipkirui alisimama akasema

4.6 Kikao kilinyamaza.

4.7 Mama alitoka nje.

4.8 Mzee alisema amesikia.

5. Mambo mengineyo. Boma ya ndama irekebishwe."

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne nilisoma nikiwa nimesimama.

Alisema nini?

Ofisi yetu ilikuwa na wasichana wawili tu, na yule mwingine, wa hesabu, alikuwa ameolewa na ana mapacha. Msichana wa Gilgil ni mimi. Zeddy, binti wa Sitati anayechimba yale mawe meupe kwenye machimbo ya Kariandusi na kurudi nyumbani nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi kama za babu. Watu wangu hawajulikani Rongai, hiyo ni kweli kabisa. Lakini mimi na Kipkirui hatukuwa tumewahi kuambiana chochote. Kilichokuwepo ni vitu vidogo ambavyo ukivisimulia mtu atakucheka. Alijua kwamba mandazi napenda ya jana, si ya leo. Nilijua kwamba akikwama kwenye kazi huvua saa ya mkono na kuiweka kulia. Mwezi wa nne alinisindikiza hadi stendi ya magari ya Gilgil chini ya mwavuli mmoja, mwendo wa dakika kumi na tano, na katika dakika hizo zote alisema neno moja. "Mvua." Nami nikajibu, "Ndiyo." Nilifika nyumbani nikiwa nimelowa bega moja, na sikutaka likauke.

Sasa alikuwa ameulizwa mbele ya ukoo mzima, akasimama, akajibu, na jibu lenyewe likaliwa na programu tuliyoitengeneza wenyewe.

Nilianza kupima kile kimya cha 4.6. Watu wanaweza kunyamaza kwa sababu mtu amesema jambo kubwa. Wanaweza pia kunyamaza kwa sababu ameuliza, "Zeddy? Yule?" halafu akacheka. Na mama yake huenda alitoka nje kwa hasira, au kwa furaha, au kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imefika.

Nilijiambia, wewe ni mtu wa msaada, fanya kazi ya msaada. Nikapiga namba ya simu iliyokuja na ujumbe ule.

"Haloo, ni nani?" Sauti ya mwanamke mzima, na nyuma yake kuku.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka Kijidaftari. Tumepata ujumbe wako."

"Marahaba! Kumbe nyinyi ni watu? Mimi nilidhani ni mashine inajibu."

"Ni watu, mama."

"Haya, nisaidie mama yangu. Hiyo mstari ya nne tano. Niliandika yote, neno kwa neno, halafu nikiangalia, hakuna. Imemezwa."

"Pole sana. Ulikuwa umemaliza kuiandika?"

"Nilikuwa naweka nukta! Halafu mtu wa posho mill akapiga simu, ati mahindi yangu imesagwa. Saa hiyo! Nikamkatia. Kurudi, mstari imeenda."

Kalamu ilisimama mkononi. Simu iliingia. Alikuwa hajamaliza, na simu ikaingia.

"Mama," nilisema, na hapa nilipaswa kunyamaza lakini mdomo ulinitangulia, "kwani hukumbuki alichosema? Ungeweza kuandika upya."

"Nakumbuka vizuri sana. Lakini minits si ya kukumbuka, ni ya kuandikwa vile mtu alisema. Nikiandika leo kwa kichwa, kesho mama yake atasema nimeongeza chumvi. Huyo wifi yangu humjui wewe." Akacheka. "Unaitwa nani, mrembo?"

"Zeddy."

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Zeddy gani?"

"Zeddy Sitati."

"Wa Gilgil?"

"Ndiyo, mama."

"Woi! Woi, Chelangat, umefanya nini!" Sasa alikuwa anajisemesha mwenyewe. "Singemwuliza Kipkirui kwa sababu ni maneno yake, nikasema niulize mashine. Kumbe mashine ni wewe! Umesoma?"

"Nimesoma, mama. Samahani. Sikujua ni nyinyi mpaka nikafika hapo."

"Ukaonaje?"

"Nikaona mstari haupo."

Alicheka tena, safari hii taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. "Sikiza. Mimi ni senge yake, shangazi kwa baba, na ni katibu. Katibu hatoi maneno ya kikao nje. Hata ukilia sitakuambia. Muulize mwenye alisema."

"Siwezi kumuuliza, mama."

"Basi tengeneza hiyo kitu yenu. Na mwambie huyo Kipkirui wa kompyuta aangalie daftari, nimekubali. Ni maneno yake, hawezi kujiibia." Kabla hajakata aliongeza, "Zeddy. Una sauti nzuri."

Jamleck, mtu wetu wa mauzo, aliingia akipiga mluzi, shati jipya likiwa bado na mikunjo ya dukani.

"Niaje Zeddy! Leo ndio leo! Makatibu mia tatu kwa ukumbi mmoja! Nimeota wananibeba juu juu."

"Jamleck, nipigie simu."

"Si niko hapa?"

"Nipigie tu. Sasa hivi."

Nilifungua Kijidaftari kwenye simu yangu, nikaanza kuandika sentensi, na kabla sijaweka nukta jina la Jamleck likatokea na simu ikalia. Niliikata, nikarudi. Mstari haukuwepo. Tulijaribu tena. Haukuwepo. Mara ya tatu Jamleck mwenyewe ndiye aliandika, mimi nikapiga, na uso wake ukabadilika.

"Manze, jamani," alisema polepole. "Ilianza lini?"

"Nafikiri na lile toleo jipya la Ijumaa."

"Na saa nne tunasimama mbele ya umoja wa vikundi vya Bahati na Subukia. Vikundi elfu moja na mia moja, Zeddy. Katibu wa kikundi! Simu yake hulia kama redio!" Alikaa kwenye kiti, akasimama tena. "Boss anajua?"

Boss alikuwa anapanda ngazi. Nilizijua hatua zake. Hupanda mbili mbili, na ya mwisho huiruka. Aliingia na projekta begani na sweta ya kijani aliyofumiwa na mama yake, mama yule yule wa 4.7, akaangalia ubao kabla ya kutuangalia sisi.

"Arobaini na moja!" Akacheka kwa uso mzima. "Zeddy, umeona? Arobaini na moja elfu!"

"Nimeona."

"Mbona unasema kama mtu wa matanga?"

Jamleck alinitazama. Mimi nilitazama meza. Kwa kawaida, jambo gumu mimi humwandikia Kipkirui kwenye karatasi na kuiacha karibu na kompyuta yake. Lakini saa ilikuwa moja na dakika arobaini.

"Kuna hitilafu," nilisema. "Simu ikiingia wakati mtu anaandika, mstari wa mwisho unapotea. Tumejaribu mara tatu."

Tabasamu liliondoka lakini hakufoka. Alivua saa ya mkono, akaiweka kulia. "Nani amelalamika?"

"Mteja."

"Nipe daftari lake nione limekatikia wapi."

Sikusogea.

"Zeddy, nahitaji kuona la mtu halisi. Majaribio yetu hayanionyeshi kama maneno yamefutika au yamekwama."

"Najua. Amekubali ulione. Lakini..." Nilihisi masikio yangu yakipata moto. "Nilifungua kama kawaida. Sikujua ni la nani. Nataka ujue hivyo kwanza, kabla hujalisoma."

Nikamgeuzia skrini.

Niliangalia dirishani. Ukungu wa Menengai ulikuwa unapanda, na chini mwenye agrovet alikuwa anafungua mlango wa chuma. Kisha nyuma yangu kiti kililia.

"Senge," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Umesoma yote?"

"Mpaka boma ya ndama."

"Na 4.5?"

"4.5 haipo. Ndiyo hitilafu yenyewe."

Jamleck alinyoosha shingo. "Kwani mnasoma nini hapo? Mbona mnaoneana haya?"

"Jamleck," Kipkirui alisema bila kugeuka, "nenda ukumbini ukapange viti."

"Viti vimepangwa jana."

"Vipange tena."

Jamleck alichukua projekta, akatuangalia kwa zamu, akashuka ngazi akijiimbia.

Tulibaki wawili. Nilidhani atasema kitu. Nilimwona akivuta pumzi, mdomo ukafunguka, macho yakaja kwangu na kubaki hapo kwa muda usio wa kikazi kabisa. Kisha akasema, "Nina saa mbili."

"Ndiyo."

"Nikae na hii hitilafu kwanza."

"Kaa na hiyo kwanza," nilisema, nikatamani kujirusha kwa dirisha.

Nilifanya kazi karibu naye kwa saa moja na nusu. Nilimsomea mahali mistari ilipopotelea, nilimpigia simu kila aliponiambia "sasa," na kila mara tulipoinama juu ya simu ile ile nilinusa sabuni ya shati lake na nikasahau nilichokuwa naangalia. Mara moja vidole vyetu vilikutana juu ya kioo. Hakuna aliyetoa chake haraka. Saa mbili na nusu alipiga meza kwa kiganja.

"Hayajafutika! Zeddy, maneno hayajafutika. Simu ikiingia, programu inalala kabla ya kuyaweka mahali pake. Yamebaki kwenye simu ya mwenyewe, hayajui pa kwenda. Nikiyafungulia njia yatarudi."

"Hata ya Jumapili?"

Alinitazama. "Hata ya Jumapili."

Saa tatu na dakika kumi marekebisho yalikuwa yametoka. Nilimpigia Senge Chelangat, nikamwomba afunge Kijidaftari na kukifungua tena. Niliweka simu kwenye sauti ya juu ili Kipkirui asikie.

"Ngoja, miwani," alisema. "Ngoja. Inazunguka. Inazunguka... Imerudi! Yote! Mpaka nukta!" Tulisikia akijisomea, midomo ikitoa sauti ya "mm, mm," kisha kicheko kitamu. "Haya basi. Asanteni watoto. Mzee atasomewa."

Akakata. Na papo hapo, kwenye kompyuta yangu, daftari lake likajisasisha. Niliona 4.5 ikirefuka, mstari mmoja, miwili, mitatu. Herufi nyeusi, nyingi. Macho yangu hayakuwa yameshika hata neno moja nilipoifunga kompyuta kwa mikono miwili.

Kipkirui alikuwa amesimama nyuma yangu. "Huangalii?"

"Mteja amesema imerudi. Inatosha."

"Lakini unataka kujua."

"Nataka sana." Sauti ilitoka kavu, lakini ilitoka. "Lakini hilo ni daftari la mtu. Kama kuna maneno yananihusu, nitayasikia. Sitayasoma."

Alifungua mdomo. Chini kwenye barabara Jamleck alikuwa amerudi na gari kutuchukua; honi ililia mara nne, ndefu, na sauti yake ikapaa juu ya honi. "Boss! Wamejaa! Wamejaa mpaka nje!"

Ukumbi wa kanisa kule mtaa wa Section 58 ulikuwa umefurika akina mama waliojifunga leso na kushika vitabu vya minits. Sijawahi kuona makatibu wengi mahali pamoja. Kila mmoja ana kalamu mbili, moja ya kuandika na moja ya akiba. Mwenyekiti wao, Madam Sue wa Bahati, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alimsikiliza Kipkirui kwa dakika kumi, kisha akanyoosha mkono.

"Kijana, unaongea vizuri. Lakini mimi nimeletewa programu nyingi. Nina swali moja tu. Simu yangu hulia kila dakika mbili. Nikiwa katikati ya kuandika na ilie, inakuwaje?"

Jamleck alifumba macho. Kipkirui hakumwangalia Madam Sue, aliniangalia mimi, kwenye kona nilikojibanza na waya wa spika.

"Huyo ndiye aliyeshughulikia hilo," alisema kwenye kipaza sauti. "Zeddy. Njoo uwaonyeshe."

Nilipanda jukwaani mbele ya watu mia tatu, mimi ambaye kanisani huketi nyuma ya nguzo. Nilishika kipaza sauti mbali sana, akaja akanisogezea, akaninong'oneza, "Waambie tu kama ulivyoniambia asubuhi."

"Mama zangu," nilisema. "Leo saa moja asubuhi ilikuwa inapotea."

Ukumbi ukaguna.

"Mama mmoja ndiye alituambia. Tumeirekebisha saa tatu. Msinisadiki. Fungueni Kijidaftari mlichowekewa mlangoni, andikeni sentensi yoyote, na mwenzako akupigie kabla hujaweka nukta."

Kisha simu ya kwanza ikalia, ya pili, ya kumi, na ghafla ukumbi mzima ukawa unalia, nyimbo za injili, ving'ora, jogoo, ngoma za harusi, wanawake mia tatu wakiandika na kukata na kupigiana na kucheka. "Kata! Kata nione!" "Wewe nipigie tena, nilikuwa sijaanza!" "Iko! Haki iko, angalia!" Madam Sue alipigiwa na watu wanne mfululizo. Alisogeza miwani, akasoma skrini yake, akaandika neno jingine, akapigiwa tena, akasoma. Halafu akainua simu juu kama kikombe cha ushindi.

"Makatibu! Anayekubali aseme mimi, na awatumie wanakikundi wake!"

Ule mngurumo wa "mimi" niliuhisi kwenye mbao za jukwaa. Jamleck alikuwa anaruka kando ya mlango, simu mkononi, akisoma namba kwa sauti iliyokatika. "Arobaini na mbili! Arobaini na mbili na mia sita! Arobaini na tatu! Mungu wangu, inapanda nikiiangalia!" Kipkirui alicheka, mikono kichwani, na katikati ya kelele zile zote akanigeukia mimi na uso ambao hakuwahi kunionyesha ofisini, uso usio na mlango wala komeo. Sikuangalia chini. Kwa mara ya kwanza sikuangalia chini.

Saa saba ukumbi ulikuwa mtupu, viti tu na harufu ya chai ya maziwa. Jamleck alikuwa nje na Madam Sue, akiandikisha vikundi. Mimi nilikuwa nakunja waya wa spika, na Kipkirui alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akiushika usijipinde. Tulikuwa tunakaribiana kadiri waya ulivyoisha.

"Zeddy," alisema. "Kuhusu Jumapili. Nilichosema pale..."

"Ngoja."

Alingoja.

Niliuweka waya sakafuni. Viganja nikavificha ndani ya mikono ya sweta, kisha nikaona nimechoka kuficha vitu.

"Nikisikia yako kwanza, yangu itakuwa jibu tu. Sitaki iwe jibu. Asubuhi nimekaa na mstari mtupu nikaona kwamba hata wangu ni mtupu. Miaka miwili. Wewe umeulizwa na baba yako ukasimama. Mimi hakuna hata aliyeniuliza, na sijasema." Nikainua uso. "Nakupenda, Kipkirui. Si kwa sababu ya namba, hata zilipokuwa mia mbili nilikuwa nakupenda. Ulisema mvua, nikasema ndiyo. Ile ndiyo ilikuwa inamaanisha hili. Kama uliwaambia mimi ni mfanyakazi tu, kesho nitafungua ofisi kama kawaida na nitajibu watu. Lakini nimesema."

Alisugua magoti yake kwa viganja.

"Mama bado amekasirika," alisema. "Sitakudanganya. Tangu Jumapili haongei na mimi. Anasema atakuja kuwaona watu wako mwenyewe ndipo atajua."

"Aje. Baba atamkaribisha na nyusi nyeupe."

Alicheka, na kicheko kikakatikia njiani. "Basi haina haja nikuambie nilichosema."

"Iko na haja," nilisema. "Mama yako alitoka nje. Nataka kujua alitolewa na nini."

Kipkirui aliinuka pale alipokuwa amechuchumaa. Alijinyoosha, akafunga kifungo cha sweta, akaweka mikono kando, jinsi mtu anavyosimama kwao akitaka maneno yake yaandikwe. Mbele yake hapakuwa na mzee wala katibu, ni mimi tu na waya sakafuni.

"Baba aliuliza huyo msichana ni mfanyakazi wangu ama ni nini," alisema, na sauti yake ilikuwa wazi hadi kwenye viti vya nyuma. "Nikasimama, nikasema: Baba, huyo ndiye ninayemtaka. Bado sijamwambia kwa sababu ninaogopa atakataa. Lakini akinikubali nitamleta hapa, na akinikataa msiniitie kikao kingine cha kuoa, kwa sababu hakuna mwingine. Nampenda Zeddy."